Jina Langu Kwenye Daftari la Mti

Jumatatu, 3 Machi

Muuguzi kaja saa nne asubuhi. Kampima Baba, kisha akatuita mimi na Dada kwenye korido akatuambia kwa sauti ya chini kwamba sasa tuhesabu wiki, si miezi. Dada akashika ukuta. Mimi nikamshika Dada. Kisha nikaenda uani kuutazama mti.

Naandika haya kwa sababu lazima mtu mmoja humu ndani aweke kumbukumbu zinazoeleweka. Mti wenyewe ni bonsai, mreteni: mti wa kweli kabisa, wa milimani, ila umefundishwa tangu utoto wake kuishi ndani ya chungu kifupi kama sinia. Kwa kimo haufiki goti langu. Umri, miaka mia na kumi na miwili. Baba ana themanini na nne. Aliachiwa na msimamizi wake enzi anafanya kazi ya bustani, na msimamizi naye aliachiwa na mtu, na huyo mtu na mwingine. Mti una daftari lake. Jalada jeusi, kurasa zimekuwa rangi ya chai. Kila mlezi ameandikwa humo: jina kamili, tarehe aliyoupokea, na mwisho tarehe aliyoukabidhi na mtu aliyemkabidhi. Walezi watano mpaka leo. Wa tano ni Baba.

Jumapili ya tarehe kumi na sita, Baba kasema, atamwandika wa sita.

Nafasi hiyo naitaka. Nasema wazi, humu hakuna anayesoma. Miaka ishirini na sita nimekuwa dobi. Nimeandika majina ya watu kwenye vipande vya kitambaa na kuvibana kwenye kola, ya mahakimu, ya maharusi, ya marehemu waliotakiwa kuzikwa nadhifu. La kwangu limeandikwa mara moja tu, kwenye barua ya kunisimamisha kazi, mwezi uliopita, baada ya mapazia ya ukumbi kutoka kwenye maji ya moto yakiwa yanaishia katikati ya dirisha. Na hata humo walikosea herufi.

Mpinzani ni Dada. Fundi cherehani, kanizidi miaka saba. Kamuuguza Baba miaka sita, na mti kautunza yeye pia. Kila mtu atasema ni haki yake. Kila mtu hazijui mbinu zangu.

Humu ndani naitwa Povu. Ni Dada aliyelianzisha.

Jumanne, 4 Machi

Mbinu ya kwanza: kuonekana. Kitanda cha Baba kinatazama dirisha, na dirisha linatazama benchi la mti. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nimetoka na kopo la kumwagilia. Shati jeupe, limenyooshwa. Nikamwagilia pole pole, uso nimeuelekeza dirishani. Baba alikuwa macho. Nikampungia. Akainua vidole viwili juu ya shuka. Mwanzo mzuri!

Kikwazo saa kumi jioni. Kwenye udongo wa mti kuna kijiti cha mwanzi kimechomekwa. Dada hukichomoa, hukigusisha shavuni mwake. Kikiwa na unyevu, hamwagi maji. Kikiwa kikavu, anamwaga. Leo kakichomoa, kakigusisha, kisha akauliza nani kamwaga maji humu. Nikajitia hamnazo. Nikasema labda ni umande. Akasema umande wa lita mbili. Akanitolea macho na kunikataza nisiguse kopo hilo tena. Mti huu, kasema, unauawa na maji kuliko kiu.

Hebu ona ujanja wake! Anataka Baba asinione.

Nimekaa chumbani nikafikiri. Adui si Dada, adui ni kijiti. Nimekata mwanzi mwingine, saizi ile ile, nikaukausha juu ya pasi. Kuanzia kesho, saa tisa na nusu alasiri nautoa wake na kuchomeka wangu.

Jumatano, 5 Machi

Imekubali. Asubuhi nimemwagilia mimi, Baba anatazama. Jioni Dada kagusisha kijiti shavuni, kikavu kabisa, kashangaa kidogo, akamwagilia na yeye. Mti umekunywa mara mbili. Umenenepa, mimi nauona.

Alhamisi, 6 Machi

Mbinu ya pili: ukaribu. Dada alipoenda kununua uzi, nimeubeba mti mpaka chumbani kwa Baba, nikauweka juu ya kabati dogo, kati ya dawa na glasi. Mzito kuliko unavyoonekana. Nilitegemea machozi.

Baba kasema nirudishe. Huu si ua la mezani, kasema, ndani ya nyumba unakosa pumzi kama yeye. Ila nisikimbilie, kwanza nikae. Nikakaa. Akaongea zaidi ya alivyoongea wiki nzima, akipumzika katikati. Kasema mti ulioota msituni unajitafutia wenyewe, maji chini, jua juu, na ukifa hakuna wa kulaumiwa. Huu wa kwenye chungu hauwezi kujitafutia chochote. Unaishi kwa sababu kila siku kuna mtu mmoja aliyetoka nje kuutazama. Miaka mia na kumi na miwili haujakosa mtu hata siku moja. Kulipokuwa na mafuriko msimamizi wake alilala nao juu ya paa.

Halafu akaniambia la mreteni. Miti mingine ikifa unajua, majani yanaanguka. Mreteni hautoi taarifa. Unaweza kufa leo ukabaki kijani miezi miwili, mitatu, na wewe unaumwagilia. Ukitaka kujua, kwaruza gome kwa ukucha. Chini yake pakiwa kijani, uko hai. Pakiwa kahawia, basi. Nikaitikia ndiyo Baba, ndiyo Baba. Kusema kweli nilikuwa naangalia droo. Daftari limo kwenye droo ya juu, naliona ncha.

Alipochoka alinishika kifundo cha mkono. Mkono wake umekuwa mwepesi, hauna kitu. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula, wakati sijala. Nikarudisha mti uani.

Dada kanikuta mlangoni nimeubeba. Sitaandika aliyoyasema.

Ijumaa, 7 Machi

Kuna harufu. Nimeinama kwenye chungu asubuhi na pua yangu haidanganyi, imefanya kazi ya kunusa makwapa ya makoti kwa miaka ishirini na sita. Harufu ya nguo iliyosahaulika kwenye ndoo. Huo ndio utunzaji wa Dada. Miaka sita mti haujaoshwa!

Nimeinua chungu na kuchungulia tundu la chini. Mzizi umejitokeza, na juu yake utando mweupe, nyuzi nyuzi. Ukungu. Nimewahi kuuona kwenye mashuka ya nyumba za wageni.

Sijamwambia mtu. Kesho Dada anapeleka magauni ya harusi, atarudi jioni. Nimepata mbinu ya tatu, na hii ndiyo yenyewe.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimefanya kazi niliyozaliwa kuifanya.

Dada katoka saa mbili. Baba alikuwa amelala, dawa mpya zinamlaza. Nimefunga pazia ili iwe ajabu nitakapolifungua. Nikaweka mabeseni matatu kwenye kivuli. Nikautoa mti kwenye chungu. Ulikuwa umefungwa kwa waya chini, nikaukata. Udongo wote nikaubomoa kwa vidole na kuutupa. Umeganda, na ule weupe umeingia kila mahali kama utando wa buibui.

Beseni la kwanza: maji vuguvugu na sabuni. Si sabuni ya kawaida, mimi si mshenzi. Ile ya hariri, ninayoiweka kwa ajili ya maharusi, kofia moja na nusu ya chupa. Nikaloweka dakika ishirini. Beseni la pili: brashi ya kola, laini, mzizi mmoja mmoja, kutoka shinani kwenda nchani, bila kurudi nyuma. Ule weupe ulitoka. Ulitoka wote! Baadhi ya mizizi ilikuwa myeusi na laini na ilikatika yenyewe, hiyo ilikuwa imeharibika tangu zamani, lawama si yangu. Beseni la tatu: kusuuza. Mara tatu, mpaka maji yakawa meupe.

Kisha kuanika. Nilifikiri sana hapa. Juani hapana, hata hariri haianikwi juani. Nikautundika kichwa chini kwenye kamba, kivulini, vibanio vinne kwenye shina, ili maji yatoke mizizini yenyewe. Saa nzima. Kulikuwa na upepo mzuri mkavu. Mizizi ikawa rangi ya kahawia nyepesi, mikavu, safi kama nyuzi za katani. Sijawahi kuona kitu kilichotakata namna ile. Nilisimama kukitazama na nilisikia furaha ambayo sijaisikia tangu nisimamishwe kazi.

Udongo mpya nimenunua mfuko kwenye duka la maua. Nimerudisha mti, nimeufunga kwa uzi wa Dada, nimechomeka kijiti. Nikamwaga maji mengi. Saa tisa nikafungua pazia.

Baba kaamka, katazama nje, kasema mti leo umekaa kushoto kidogo. Macho yake bado yanaona!

Jumapili, 9 Machi

Dada kapita karibu na benchi, karudi nyuma, kainama. Kauliza udongo huu vipi. Nikasema vipi nini. Akasema umekuwa mweusi sana. Nikasema labda ni maji yake, anamwagilia mno. Hapo kaondoka, kwa sababu kijiti kimemtia wasiwasi siku zote hizi. Nilimwonea huruma karibu dakika nzima.

Mti uko kijani kabisa. Siku moja baada ya kuoshwa na haujatikisika. Nani mtaalamu sasa?

Jumatatu, 10 Machi

Muuguzi kasema miguu ya Baba imeanza kuwa baridi na tusistaajabu. Dada kamvalisha soksi za sufi. Mimi nilizifua hizo soksi juzi, kwa mkono, na nikamwambia muuguzi hivyo. Akasema ni soksi nzuri.

Baba anakula vijiko vitatu. Jana vilikuwa vitano.

Jumatano, 12 Machi

Shida ndogo. Rangi ya mti imepungua makali. Si njano, hapana, bado ni kijani, ila kijani cha shati lililofuliwa mara nyingi. Na majani ukiyagusa yana ukavu. Machache yamebaki vidoleni mwangu.

Sikutaharuki. Mtu wa kazi hataharuki. Nimeleta wanga wa kunyunyizia kola, nikaunyunyizia mti mzima, pande zote, tabaka mbili, nikaacha ukauke. Sasa hakuna jani linalodondoka. Yamesimama imara, na yana mng'ao.

Nimemuuliza Baba dirishani, anauonaje. Baba kaangalia kwa muda mrefu. Kasema unang'aa. Nikamwona anataka kusema jingine, lakini akafumba macho.

Siku nne zimebaki. Dada hajafanya mbinu hata moja. Kazi yake kumgeuza Baba ubavu huu na ule, kumlisha, kumbadilisha mashuka. Anadhani hayo yanahesabiwa.

Mashuka nafua mimi. Nimeyaacha mawili bila kufua leo, kwa sababu yana harufu yake, na sikuweza.

Ijumaa, 14 Machi

Lazima niandike haya sawasawa.

Saa tano Dada alikuwa dukani kwa dawa. Baba kaniita, kasema niulete mti. Nikamkumbusha alichosema, kwamba haupendi ndani. Akasema leo ni sawa. Nikauleta, nikauweka kitandani, juu ya trei, ubavuni kwake. Akaushika. Kwanza majani. Akasugua vidole vyake vikatoa unga mweupe, akavinusa, akanitazama. Nikasema ni wanga, Baba, wa kola. Akaitikia kwa kichwa.

Kisha akakwaruza. Ukucha wa dole gumba, kwenye shina, pale chini. Ilimchukua muda, mikono haina nguvu, na nilitaka kumsaidia lakini akaniondoa mkono. Akatazama. Akakwaruza tawi la kwanza. Akatazama. Tawi la juu. Mimi kutoka nilipokaa sikuona rangi gani, na sikuinuka kuangalia.

Akaniuliza nimefanya nini. Sauti ya kawaida tu, kama anauliza saa. Nami nikaona heri niseme, tena kwa fahari, kwa sababu hatimaye kaona tofauti. Nikamweleza yote: harufu, ukungu mweupe, mabeseni matatu, brashi. Kamba na vibanio vinne.

Akauliza, sabuni gani.

Nikasema ya hariri, Baba. Kofia moja na nusu.

Akarudia, ya hariri. Halafu akaanza kucheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu Mama yuko hai. Alicheka mpaka akakosa hewa, nikamwinua, nikampiga mgongoni, mifupa yake yote naihisi kwenye kiganja, na bado anacheka na machozi yanamtoka. Nikacheka na mimi. Tulikaa hivyo, kichwa chake begani kwangu. Nilikuwa na furaha, na nilikuwa na woga mkubwa ambao siujui wa nini.

Alipotulia alisema ule weupe haukuwa ukungu. Kasema ni rafiki wa mizizi, ndio unaoilisha, na yeye alikaa miaka arobaini akiulea. Kasema tena kwa upole, si kwa hasira. Nikamwambia weupe huo utarudi, Baba, nitaacha kuosha mpaka urudi. Akaniambia niurudishe mti kwenye benchi, niendelee kuumwagilia asubuhi pale anaponiona, na leo nisimwambie dada yangu. Akasema, mwanangu, mikono yako ni misafi siku zote.

Nimefikiri maneno hayo jioni nzima. Nadhani nimeshinda.

Jumapili, 16 Machi

Nimeshinda!

Saa nne. Baba kakalishwa kwa mito mitatu. Muuguzi kaombwa awepo kama shahidi, kasimama mlangoni na begi lake. Baba hawezi kushika kalamu, kwa hiyo Dada ndiye aliyeandika, kakaa na daftari magotini. Nilijua hapo hapo. Mtu haambiwi aandike jina lake mwenyewe.

Baba kamwambia kwanza ajaze nafasi yake yeye: amekabidhi, tarehe ya leo, kwa mwanawe. Dada kasimamisha kalamu. Kauliza mwana yupi. Baba kasema huyu hapa. Akataja jina langu, majina yote matatu, lile nililopewa siku nazaliwa ambalo hakuna anayeliita. Dada kainua uso, kasema, lakini Baba. Baba kasema andika, ndiye aliyekuwa nao.

Akaandika. Mlezi wa sita. Jina langu, wino mweusi, herufi zote sahihi, nimehakiki. Amepokea: 16 Machi. Kisha Baba akamwambia, kwenye nafasi ya mwisho, ya kukabidhi, piga mstari.

Dada akauliza mstari gani. Akasema mstari tu, kutoka huku mpaka huku. Dada akamtazama. Kisha akasimama, akaenda uani bila viatu, nikamwona dirishani anainama kwenye benchi na ukucha wake. Alikaa ameinama muda mrefu. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika. Akapiga mstari bila kutumia rula, na ukatoka umenyooka. Halafu akalia, kichwa kwenye godoro, na Baba mkono wake juu ya nywele zake.

Kushindwa kunauma, namwelewa. Miaka sita si mchezo.

Kuhusu mstari: nimeutafakari. Walezi wote watano wana jina la aliyewafuata. Mimi peke yangu nina mstari. Maana yake hakuna wa kuninyang'anya. Baba kaniamini kuliko wote waliotangulia. Nimesoma ukurasa huo mara kumi na moja.

Jumanne, 18 Machi

Baba kafariki.

Nilitoka saa kumi na mbili na nusu kama kawaida. Shati jeupe. Alikuwa amekalishwa kwenye mito, uso umeelekea dirishani, macho wazi. Nikampungia. Hakuinua vidole, nikadhani kachoka. Basi nikaamua kumfanyia vizuri zaidi. Nilimwagilia tone kwa tone. Niligeuza chungu ili aone kila upande. Nilifuta benchi. Nilimwonyesha kijiti, nikakigusisha shavuni kama afanyavyo Dada, nikatikisa kichwa kama mtu anayejua. Nusu saa nzima. Alinitazama muda wote na sikumbuki siku nyingine aliyowahi kunitazama kiasi hicho.

Kisha Dada akaingia na chai, nikaona kikombe kinaanguka.

Muuguzi kasema ilitokea alfajiri, kama saa kumi na moja. Nilimuuliza kama ana hakika. Kasema mwili unaonyesha. Nikamuuliza tena, labda saa moja kasoro. Kasema pole.

Nimeosha shati lake la mazishi mwenyewe. Nimelipiga pasi mara nne. Sikuweza kuandika kitambaa cha jina.

Jumamosi, 29 Machi

Siku kumi na moja. Sijaandika. Watu wamekuja na wameondoka, wamekunywa chai nyingi, nimefua vitambaa vya meza vyote. Kitanda cha Baba kimefunguliwa na kusimamishwa ukutani.

Mti uko kijani. Naanza na hilo kwa sababu jana Dada kasema neno baya. Kasema, Povu, mti umekufa. Kaniambia mezani, kwa utaratibu, kama mtu anayesoma risiti. Ulikufa siku ile ulipouanika, kasema, na kabla ya hapo maji yetu ya mara mbili kwa siku yalikuwa yameshaozesha nusu ya mizizi. Kijiti kikavu kakikuta chini ya godoro langu alipokuwa anatafuta mashuka. Kasema Baba alijua, na alimweleza mambo ya beseni na kamba, ndiyo maana ya mstari. Hakukuwa na cha kukabidhi tena, na hakutaka mtu mwingine aandikwe chini ya mti mfu. Kwa hiyo kakuandika wewe, kasema, kwa sababu ulikuwa unaitaka nafasi hiyo, na kwa sababu ni kweli, mlezi wa mwisho ni wewe.

Nikamsikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia aangalie dirishani. Kijani! Kakataa kuangalia. Akasema naomba usinifanyie lolote tena, mdogo wangu, nimechoka. Hakuwa na hasira.

Sina kinyongo. Kafiwa, na kashindwa, yote mwezi mmoja. Anakwenda kwa binti yake kupumzika, wiki mbili. Kafungasha leo asubuhi.

Sasa, jambo lenyewe. Saa sita nimemwona akimpitishia jirani kitu juu ya ukuta wa uani. Kopo la maziwa la zamani, na ndani yake kitawi, urefu wa kidole. Mreteni! Alipoondoka nikamwendea jirani, mama mmoja mpole, mstaafu wa posta. Kasema ni tawi la ule mti mkubwa, Baba na Dada walilikata pamoja miaka miwili iliyopita wakalipanda, limetoa mizizi mwaka huu tu. Kasema ndilo pekee lililobaki. Kuna na daftari dogo jipya limefungwa kwa uzi kwenye kopo. Nikaomba nilione. Ukurasa wa kwanza una mwandiko wa Baba wa zamani, kabla mkono haujatetemeka, umri wa mti na walezi wote watano. Chini yake hakuna kitu bado.

Jirani kasema, samahani sana, lakini kaagizwa asinipe mimi. Hata kulishika. Kasema Dada kamwapisha.

Nilisimama pale nikaona aibu, nakubali. Nikamfikiria Dada miaka sita anainua, anageuza, analisha, na mimi nafua tu. Nikaona kwamba kwa mara moja katika maisha yangu ningependa kumfanyia kitu bila mbinu yoyote. Kitu cha upendo tu. Akirudi akute kile kitawi chake kimenawiri, na labda, akipenda, kwenye daftari lile jipya, chini kule.

Jirani huenda kliniki Jumanne, toka saa mbili mpaka saa saba. Ukuta ni mfupi. Na nilipokuwa pale nililiinua kopo kidogo, alipogeuka kufunga mlango. Chini kuna matundu matatu. Maskini Dada, haangalii kabisa! Utando mweupe umeshaanza, nyuzi nyuzi, mizizi yote.

Nimebakiza sabuni ya hariri, inatosha. Brashi ya kola nimeshailoweka.